Aparei ya Meno na Moshi wa Ubani

Ubani ukiungua peke yake una harufu ya Ijumaa. Ukiungua pamoja na plastiki una harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote, na mimi nimekaa na moto maisha yangu yote. Naitwa Zaina, nachoma matofali. Tanuru langu liko kandokando ya mto Tshopo, chini kidogo ya maporomoko, mahali ambapo maji yananguruma mchana kutwa mpaka mtu anaacha kuyasikia. Nimenusa kuni mbichi, udongo unaoiva, mpira wa gurudumu, hata kiatu cha kibarua aliyekaa karibu mno akasinzia. Lakini harufu ile ya alasiri moja ya Ramadhani, nyumbani kwa baba yangu mtaani Kabondo, ni ya peke yake. Tamu kwanza, halafu kali, halafu inakaa kooni kama kitu ulichotaka kusema ukanyamaza. Shule sikufika mbali. Najua kusoma, najua kuandika, na kwenye hesabu hakuna anayenidanganya. Nyumba ninayolala ndani yake nimeifyatulia matofali kwa mikono hii, na sikumpigia mtu magoti. Nasema hivi ili msomaji asifikiri mimi ni mtu wa kuchanganyikiwa ovyo. Ila jambo hili la meno yangu limenishinda tangu siku ile mpaka leo, na nalisema mapema, asije mtu akangoja nimfafanulie mwishoni.

Nilikuwa mtoto wa mdomo usiofungika. Meno ya juu yalitoka mbele kama watu wanaochungulia dirishani, na kati ya yale mawili makubwa palikuwa na mwanya mpana, ulimi ungeweza kupita na kurudi. Mwanya ule haukuwa wangu peke yangu. Ulikuwa wa mama yangu, Fatuma, aliyefariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo simkumbuki hata sauti. Mtaa mzima ulimkumbuka kwa mwanya. Sokoni alikuwepo mama mmoja muuza ndizi za kupika, Mama Sifa, ambaye kila nikipita na kikapu alinisimamisha. “Mutoto wa Fatuma! Cheka nione.” Nikicheka alipiga makofi, akawageukia wenzake, “Muone, muone, ule mwenyewe amerudi,” halafu ananitilia ndizi moja ya juu bila kuulizwa. Nyumbani tulikuwa na picha moja tu ya mama, ile ya studio, imetundikwa ukutani juu ya kitanda cha Koko. Koko ndivyo tunavyowaita bibi zetu huku, na huyu alikuwa mama yake mama, aliyehamia kwetu ili anilee. Kwenye picha ile mama ameketi wima, mikono magotini, mdomo ameubana kabisa, maana siku zile mbele ya kamera watu hawakucheka, waliona ni kukosa adabu. Ni kusema, mtu aliyetaka kuuona mwanya wa Fatuma hakuwa na pengine pa kuuona isipokuwa kinywani mwangu. Mimi wakati ule sikulijua hilo. Nilijua ndizi ya bure tu.

Papa yangu alikuwa mpishi wa daktari wa meno, mzungu aliyetumwa na kampuni moja kutibu wafanyakazi wake. Siku moja nilimpelekea Papa chumvi aliyoisahau, na yule daktari akaniona mlangoni mwa jikoni, mdomo wazi kama kawaida yangu. Akaniinua kidevu kwa kidole, akaangalia, akasema neno na Papa kwa Kifaransa, wakacheka kidogo, na wiki iliyofuata nikawa nimekalishwa kwenye kiti chake natiwa vyuma. Hakuna aliyeniuliza kitu, na sisemi kwa kulalamika. Mtoto wa wakati ule hakuulizwa. Nilivaa vyuma vile muda mrefu. Vilinichana mashavu, vilishika nyuzi za majani ya muhogo, na vilinipa jina. Watoto wa mtaani waliniita Antene. “Antene, ongea basi, tusikie habari ya Kinshasa!” Wengine walinivuta sikio na kulizungusha, eti wanatafuta stesheni. Nilipigana sana mwaka ule. Lakini meno yalirudi nyuma, kweli yalirudi, na siku moja nikashtuka kuona midomo yangu imekutana yenyewe, bila nguvu. Nilikaa kimya nyuma ya nyumba nikiisikiliza tu, midomo miwili inagusana.

Vyuma vilitolewa daktari akiwa ameshaanza kufunga masanduku yake arudi kwao. Nilifikiri mambo yameisha. Jioni ile Papa alirudi na kitu amekifunga ndani ya leso: kibao chembamba cha plastiki, rangi ya ufizi, kimefinyangwa kama paa la kinywa, na mbele yake waya uliopindwa kama tabasamu. Alikiita aparei, kama alivyosikia kwa mkubwa wake. Akatuketisha, mimi na Koko, akasimama kama mtu anayesoma hotuba.

“Patron amesema mutoto avae hii muchana na usiku. Atoe tu wakati ya kula. Aisugue na maji ya baridi na sabuni kidogo. Maji ya moto, hapana. Hata ya vuguvugu, hapana.”

Koko alikigeuza mkononi kama samaki asiyemwamini. “Alors, chuma zimetoka?”

“Zimetoka, Mama.”

“Ni kusema kazi imeisha.”

“Kazi imeisha, lakini meno bado. Meno haziyakauka.”

“Haziyakauka?” Koko alinitazama kinywani. “Kwani ziko mabichi?”

Papa alihangaika. Alisema ni kama tofali: ukilitoa kwenye kalibu likiwa na maji, linalala upande. Sharti likae lishikwe mpaka liwe gumu. Hii aparei ndiyo kalibu. Koko akauliza meno gani hayo yanayotafuna mihogo kila siku halafu yanaitwa udongo wa maji, na mpaka lini. Papa akasema mwaka, labda zaidi. Koko akacheka kicheko cha pua. “Mutu anatoka lopitalo mguu umepona, munamurudishia gongo akatembee nayo mwaka mwingine. Bon. Wazungu wako na akili yao.” Mimi nilikaa katikati yao nikitazama huyu na yule. Kila aliyesema nilimwona ana haki. Ndivyo nilivyokuwa msimu ule wote.

Mwezi wa Ramadhani uliandama siku chache baadaye, nami ndio mwaka niliotaka kufunga siku zote kama watu wazima. Hapo ndipo kichwa changu kilipovurugika kabisa. Aparei ikikaa kinywani, mate yanajaa kama chemchemi. Mwili unadhani umeletewa chakula. Je, nikiyameza nimefungua? Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mzee mpole, aliniambia mate yako ni yako, meza. Mke wake akasema ndiyo, mate ni yako, lakini ile plastiki ina ladha, na ladha si yako. Papa akasema Mungu hashughuliki na aparei. Koko akasema Mungu anashughulika na kila kitu, mpaka sindano iliyopotea. Na kutawadha? Nikisukutua, nitoe au nisitoe? Nilikuwa naitoa, naishika mkononi ikidondosha maji, nasukutua, nairudisha, na wasichana nyuma yangu kwenye foleni ya maji wanalalamika, “Antene, tutaswali kesho!” Nikisoma kwa sauti, kila s ilitoka na upepo, wakaniiga mpaka mwalimu mwenyewe akajifunika uso kwa kofia. Jioni ikifika, wakati wa futari, naitoa, naiosha kwa maji ya baridi na sabuni kama nilivyoambiwa, naitia ndani ya kopo la bati. Koko alilifunika kopo kwa kitambaa cheupe kile kile alichofunikia tende. Sikuwahi kumwona akiigusa aparei yenyewe. Aliliinua kopo kwa vidole viwili, akageuza uso pembeni.

Katikati ya mwezi Koko alinituma sokoni kuchukua ndizi za futari. Nilikuwa nimezoea, ingawa tangu nivae vyuma sikuwa nimepita kwake. Nilisimama mbele ya Mama Sifa, nikangoja. Yeye aliendelea kupanga mikungu yake. Nikasema shikamoo. Akaniitikia kama anavyomwitikia mtu yeyote, akanitajia bei. Nikacheka, nikamwonyesha, nikadhani hajaniona vizuri. Alinitazama kwa adabu, akakunja uso kidogo, akaniuliza, “Weye uko mutoto wa nani?”

Nikamwambia. Akaniita karibu, akanishika mashavu kwa mikono yake yenye utomvu wa ndizi, akatazama ndani, huku na huku, kama mtu aliyefungua kabati akakuta limehamishwa vitu. “Aa,” akasema. “Wamekutengeneza muzuri.” Ndizi ya juu alinipa, lakini aliitia kikapuni bila kupiga makofi wala kumwita mtu. Nilirudi nyumbani polepole. Nilikuwa nimeutamani mdomo unaofungika kuliko kitu chochote, nikaupata, na sasa nilikuwa nimepoteza kitu ambacho sikujua ninacho. Nilimsimulia Koko yote huku tunamenya. Aliinua macho mara moja kwenye mlango wa chumba chake, upande ile picha ilipo, akaendelea kumenya.

Sasa nieleze desturi ya Koko, maana bila hiyo mtu hataelewa. Kila Ijumaa ya Ramadhani, baada ya swala ya adhuhuri, alifukiza vyombo. Mbabula, lile jiko letu la makaa, lililetwa uani. Alichota makaa mekundu akayatia kwenye chetezo cha udongo, akanyunyiza ubani, halafu mtungi wa maji ukafudikizwa juu ya moshi, baada ya mtungi vikombe, baada ya vikombe bakuli la uji. Kila kitakachogusa mdomo wa mtu aliyefunga sharti kipite kwenye moshi ule. Alirithi hayo kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, tangu wale wa zamani waliofika huku na misafara ya biashara. Maji yaliyotoka kwenye mtungi uliofukizwa yalikuwa na ubaridi mwingine. Nikiyakumbuka mpaka leo meno yananisisimka.

Ijumaa iliyofuata siku ile ya soko nilitapika, Koko akaninywesha maji, funga ikavunjika kabla ya alasiri. Nikaosha aparei, nikaitia koponi, nikalala kwenye mkeka chumbani nikiona aibu. Kilichoniamsha ni ile harufu. Nilitoka uani. Koko alikuwa amechuchumaa mbele ya chetezo, mgongo kwangu, vyombo vyote vimepangwa upande mmoja vimekwisha, na kopo la bati limefudikizwa juu ya moshi. Moshi ulikuwa umebadilika rangi. Alilishika kopo kwa ncha ya kitenge, akaliinua, na aparei iliyokwama ndani yake ikaanguka vumbini. Haikuwa imeungua yote, ukingo tu. Ilikuwa imelegea tu, imejikunja upande mmoja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, na waya wa mbele umechomoka. Koko alitazama chini. Alichukua kijiti akaigeuza. Uso wake niliuona kwa ubavu, na hapa ndipo ninapowachanganya watoto wangu kila nikiwasimulia: haukuwa uso wa mtu aliyeshtuka. Wala haukuwa wa mtu aliyefurahi. Ulikuwa wa mtu anayengoja chungu kichemke.

Papa alirudi saa ya futari. Daktari alikuwa ameshaondoka, nyumba yake imefungwa, Papa mwenyewe ndiye aliyemsindikiza. Alipoona kile kitu kilichojikunja juu ya meza, hakugusa tende.

“Mama. Nilisema moto hapana.”

“Ulisema maji ya moto,” Koko akajibu. “Miye sikutia maji.”

“Mama!”

“Papa Zaina, kitu kinaingia kwenye mudomo ya mutoto anayefunga, na hukipitishi kwa ubani. Unataka miye niache? Vikombe vimepita. Mutungi umepita. Hii yenyewe ni sultani?”

“Ilikuwa ya kumushikia meno!”

“Yale meno aliyapata wapi?” Koko aliuliza, sauti ya chini sana. “Nani alimupa?”

Papa alitoka nje na kipande kile cha plastiki, akakipasha kwa kisu kilichotiwa kwenye makaa, akakikandamiza kwa gumba, akaniita nijaribu. Kiliniuma, kikachana ufizi, nikatema damu. Akajaribu tena. Mara ya mwisho alikaa nacho kiganjani muda, akanitazama kinywani, si kama mtu anayetazama meno. Leo nafikiri labda naye alikuwa na sababu zake za kutaka mwanya ule uzibwe. Alikuwa mjane kijana. Kila mtoto wake akicheka, mke wake alikuwa anamtazama. Labda. Sikumuuliza, naye alikufa bila kusema.

Basi meno yakalegea. Kwanza nilihisi kwa ulimi tu, uwazi mdogo wa kupitisha uzi. Papa aliniambia niyasukume kwa kidole kila asubuhi, nikayasukuma. Koko aliniambia niache kuchokora mdomo kama kuku, nikaacha. Papa akiwepo nasukuma, akitoka naacha, na sijui mwenyewe nilitaka nini. Nikifunga midomo na kuisikia ikigusana, nilitaka yabaki. Nikipita sokoni, nilitaka yaende. Yale ya mbele hayakurudi kuchungulia dirishani kama zamani, ni mwanya tu uliorudi, nusu ya ule wa kwanza. Asubuhi ya Idi ya kuchinja Koko alikuwa ananivalisha kitambaa kichwani, nikacheka kwa sababu alinitekenya shingoni. Mikono yake ikasimama. Aliniinua kidevu kwa kidole, sawasawa na yule daktari, akaangalia muda mrefu. Kisha akaniita Fatuma. Hakujirekebisha. Alimaliza kufunga kitambaa, akatoka kwenda kuwapokea wageni, nami nikabaki nimesimama chumbani chini ya ile picha ya mdomo uliobanwa, nisijue niitikie au ninyamaze.

Mwaka huu mjukuu wangu Mwamini alikuja likizo kutoka Kampala, anakokaa na wazazi wake. Alizaliwa na mwanya, ule ule, mpana. Mwanangu ameuziba. Mtoto alivaa vyuma vyenye mipira ya rangi, na anasema shuleni kwao wasio na vyuma ndio waliowaonea wivu wenye navyo. Nilimsimulia Antene akacheka mpaka akalala sakafuni. Sasa ana aparei yake. Haina waya, inapitisha mwanga kama kioo, akiivaa huioni. Ina kisanduku chake chenye kifuniko, ina mswaki wake, na simu inampigia kengele kumkumbusha aivae. Mimi nilikuwa na kopo la bati na watu wanne wanaobishana. Siwezi kusema kipi ni bora. Chake kinafanya kazi, hilo nimeliona kwa macho. Lakini siku aliyoshuka kwenye gari, akanikimbilia anacheka, nilitafuta kitu usoni mwake sikukikuta, na nikajisikia nikikunja uso kidogo. Nikamkumbuka Mama Sifa na mikono yake ya utomvu.

Ijumaa moja nilikuwa nafukiza mtungi. Bado nafukiza, ingawa nyumba nzima inakunywa maji ya chupa isipokuwa mimi. Mwamini alikuwa amekula, akakimbilia jirani, akaisahau aparei mezani juu ya kipande cha karatasi, nzi wanaizunguka. Niliichukua nikatoka nayo uani. Makaa yalikuwa tayari, ubani umeshaanza. Nilisimama hapo na kitu kile mkononi, chepesi kama ganda la yai. Sikuwaza kuiharibu. Wala sikuwaza kuokoa kitu. Mkono ulikuwa na joto la makaa na kichwa hakikuwa na neno hata moja ndani yake, na nikajiuliza kama Koko naye siku ile hakuwa na neno lolote.

Niliiosha kwa maji ya baridi.

Mwamini alirudi anahema. “Koko! Uliiosha na maji gani?”

“Ya baridi. Weye unanifundisha moto, mutoto? Miye mwenye tanuru?”

Akacheka, akakaa, nami ndipo nikamsimulia haya yote, mpaka Fatuma. Alinisikiliza akiwa ameishika aparei kwa mikono miwili. “Sasa,” akauliza, “yule Koko wako alifanya makusudi ao hapana?”

“Sijui.”

“Koko, sema ukweli.”

“Ndiyo ukweli. Sijui.”

Akafikiri. Akatoa simu. “Basi cheka. Fungua mudomo yote, usiuze sura.” Nikafungua. Akapiga picha, akaikuza kwa vidole viwili mpaka mwanya ukajaa kioo chote, giza dogo kati ya kuta mbili nyeupe. Akapitisha ulimi mbele ya meno yake mwenyewe, pale mwanya wake ulipokuwa. “Na miye ilikuwa hivi?”

“Ilikuwa hivyo hivyo.”

Nilimwambia asiifute ile picha. Akasema hafuti, kwa nini afute. Kisha akavaa aparei yake, akafunga mdomo, akakaa wima na mikono magotini akingoja ikae vizuri. Midomo ilikutana bila shida. Nikatazama, nikatazama tena, nikaingia chumbani nikaitoa ukutani ile picha ya studio ya mama, niliyoirithi kwa Koko, nikaileta nje kwenye mwanga niilinganishe na uso ule.